Mafunzo Niliyopata Nikiwajazia Wageni Fomu Migori na Homa Bay

Kazi yangu ni makaratasi. Kwa miaka mingi mjini Migori nimewajazia watu fomu za eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, na kuwafuatilia barua maofisini, na mara kwa mara nimeitwa Homa Bay kwa wateja wa huko ziwani. Wengi wao ni Wakenya, lakini wageni hawakosi, na wao ndio walionifunza haya.

1. Leseni ya biashara si kibali cha kuishi

Fundi cherehani mmoja kutoka Tarime, Tanzania, alikuwa na kibanda chake Isebania, upande wa Kenya wa mpaka. Leseni ya kaunti ilining'inia ukutani, imelipiwa. Maafisa walipopita kukagua wageni, akaionyesha kwa kujiamini. Kesho yake alikuwa mbele ya meza yangu: "Dada, mbona leseni ninayo?"

Anayo, tena halali. Ila Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawanya kazi: leseni za biashara ni za kaunti, uraia na uhamiaji ni vya serikali ya kitaifa. Anayepokea ada ya leseni hana kazi na pasipoti, na afisa wa uhamiaji hana haja na leseni. Kila ofisi inajibu swali lake, kisha mshonaji anaachiwa kazi ya kuyaunganisha majibu. Naliona jambo hili kuwa dhuluma, kwa sababu kosa la kukaa nchini bila kibali chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 linaweza kumgharimu mtu faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kibanda kile chote hakifiki nusu ya pesa hizo.

2. Jirani ana njia yake, ila hakuna anayemwonyesha

Mpaka wa Isebania na Sirari umepita katikati ya watu wa nasaba moja. Wakuria wako Kehancha na wako Tarime. Wajaluo wako Muhuru na wako Rorya. Mtu huvuka asubuhi kwenda matangani kwa shangazi, jioni akarudi. Kumwita huyu mwekezaji wa kigeni ni kumvika koti la mtu mwingine.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamtambua raia wa nchi mwanachama: ana haki ya kufanya kazi na ya kuanzisha biashara ng'ambo ya mpaka. Kibali bado anakihitaji. Kwa mfano, mwenye mkataba wa kazi unaozidi siku 90 anatakiwa kuomba ndani ya siku 15 za kazi tangu alipoutia sahihi. Wateja wangu wengi hawajawahi kusikia habari ya siku hizo. Walichosikia ni hotuba ya Uhuru Kenyatta ya tarehe 28 Novemba 2017, siku ya kuapishwa kwake kwa muhula wa pili, aliposema Waafrika Mashariki wataweza kufanya kazi na biashara Kenya kwa kitambulisho tu. Hadi leo naambiwa, "Lakini rais alisema." Alisema kweli, nami nilifurahi kumsikia. Afisa wa mpakani bado anauliza kibali.

3. Mwenyeji naye anahitaji kusomewa sheria

Fundisho hili ndilo lililonigusa zaidi. Kule Nyatike, kwenye machimbo ya Macalder na vijiji jirani, dhahabu huchimbwa kwa sululu na karai. Sheria ya Madini ya 2016 imeuweka uchimbaji huo wa mikono kwa raia wa Kenya pekee. Mgeni mwenye mtaji ana njia yake: leseni za madini za ngazi ya juu, na kibali cha Daraja A kutoka uhamiaji. Njia hiyo ni ndefu, kwa hiyo wapo wanaotafuta kijana wa pale pale: "Tupe jina lako, kila wiki utapata chako."

Kijana mmoja alikuja nimchapishie mkataba wa namna hiyo. Nilimsomea kifungu kwa kifungu kwa Kidholuo. Jina kwenye kibali cha uchimbaji ni lake. Shimo likiporomoka, zebaki ikiingia mtoni, atakayetafutwa ni yeye, na dhahabu itakuwa imeshaondoka. Alirudi siku nyingine na babake, tukasoma tena, wakaondoka bila kutia sahihi.

4. Mwenye mtaji hafiki kwangu akiwa amepotea

Kibali cha Daraja G, cha kufanya biashara, kinadai mtaji wa dola 100,000 za Marekani. Mwenye pesa hizo anakuja Homa Bay na wakili. Anajua tayari kwamba Kifungu cha 65 cha Katiba kinamnyima umiliki wa kudumu wa ardhi na kumwekea ukomo wa miaka 99 ya kukodi. Anajua vizimba vyake vya samaki vinahitaji idhini ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Simlaumu. Angalau ametii.

5. Mpaka una pande mbili

Tarehe 28 Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15: duka la rejareja, uwakala wa kutuma pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni, uchimbaji mdogo wa madini, hata kununua mazao shambani. Faini haipungui shilingi milioni 10 za Tanzania, na Mtanzania anayemsaidia mgeni naye anaadhibiwa. Mama mmoja wa Isebania aliyezoea kununua maharagwe mashambani Tarime aliniambia, "Kumbe mgeni ni mimi."

Tangu siku hiyo nina ombi moja kwa kaunti ya Migori na kwa idara ya uhamiaji: wekeni ubao pale mpakani, kwa Kiswahili, Kikuria na Kidholuo, unaoeleza anayevuka kufanya kazi aombe nini, wapi, na kabla ya siku ngapi. Sheria zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza, na fundi cherehani hana wakili.