Kufundisha Watoto Wadogo Nyumbani: Masomo ya Vitendo ya Siku Moja

Utangulizi

Tarehe 17 Machi 2020 serikali ya Tanzania ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Shule za msingi zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Mtoto wa Darasa la Kwanza, aliyekuwa ndiyo kwanza anazitambua silabi, alikaa nyumbani zaidi ya miezi mitatu. Vipindi vya redio vilisaidia, lakini redio haiwezi kuona kama msikilizaji wake ameelewa. Wakati kama huo mzazi humwendea mwalimu na kumwuliza, "Nimfundishe nini, na kwa kitu gani?" Mwalimu asiye na jibu humwacha mtoto asahau.

Mafundisho ya nyumbani hayachukui nafasi ya shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inadai kila mtoto aliyefikia umri aandikishwe na kuhudhuria shule ya msingi. Hata hivyo, maradhi, mafuriko na likizo vipo kila mwaka. Makala haya yanaeleza siku moja ya masomo kwa watoto wawili, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 8, ambayo mwalimu anaweza kumwelekeza mzazi aifuate.

Matayarisho

Zana zote zipatikane nyumbani: vijiti 50, kamba nyembamba, boksi kuukuu, chupa ya nusu lita na ya lita moja, bakuli pana, bilauri mbili zilizo sawa, bilauri nyembamba ndefu, pamba na punje chache za maharage. Mtoto wa miaka 5 asiachwe peke yake na punje, kwani huweza kuzitia puani au sikioni.

Mwendo wa siku

Saa 2 asubuhi: Kivuli. Watoto wasimike kijiti uani, mahali penye jua, waweke kokoto kwenye ncha ya kivuli chake. Warudie kila baada ya saa moja. Wataona kivuli kikifupika, kisha kikirefuka upande wa pili. Mwalimu asiwaambie kwamba kivuli kifupi kuliko vyote huonekana saa 6 kamili. Dar es Salaam huonekana kama dakika 20 hivi baadaye, na Kigoma, iliyo mbali upande wa magharibi, huonekana kunako saa 7. Nyakati hizo husogea kidogo kwa majira ya mwaka. Mtoto aliyeona kwa macho yake atauliza sababu, na swali hilo ni mwanzo wa jiografia.

Saa 2 na nusu: Hesabu. Mtoto mdogo ahesabu vijiti kwa kuvigusa kimoja kimoja. Yule mkubwa ajumlishe 23 na 18. Aweke mafungu 2 ya vijiti kumi kumi yaliyofungwa kwa kamba na vijiti 3. Kando yake aweke fungu 1 na vijiti 8. Vijiti vilivyo huru ni 11. Afunge 10 kati yake, kibaki 1. Sasa mafungu ni 4, na jibu ni 41. Ndipo aandike hesabu hiyo daftarini. Ile "moja" ambayo darasani huambiwa aichukue, hapa ameifunga kwa mikono yake.

Saa 4: Kupima jikoni. Wakati maji ya kupikia yanatekwa, mtoto ajaze chupa ya lita moja kwa chupa ya nusu lita, na kutaja ni mara ngapi. Kisha maji ya kiasi kimoja yatiwe katika bilauri mbili zilizo sawa. Mtoto akikubali kwamba ni sawa, maji ya bilauri moja yahamishiwe katika ile nyembamba ndefu. Mtoto wa miaka 5 aghalabu husema kwamba humo yamezidi. Jean Piaget wa Uswisi alionyesha kwamba hilo ni jambo la kawaida katika umri huo. Asikemewe, aulizwe, "Kwa nini?", kisha maji yarudishwe mahali pake ili aone mwenyewe.

Saa 5: Lugha. Boksi likatwe kadi, na kila kadi iandikwe silabi: ma, me, mo, to, za, ji. Mtoto azipange apate "maji", "moto", "meza". Baada ya kusoma, aandike neno hilo kwa kidole mchangani.

Alasiri: Sayansi. Maharage yawekwe katika pamba yenye unyevu, yaegemee kioo cha bilauri ili yaonekane. Baada ya siku chache watoto wataona kwamba mzizi hutangulia kutoka. Wachore kila siku.

Jioni: Bibi au babu atege vitendawili. Hilo nalo ni somo la kufikiri.

Tathmini

Mtoto anayeimba namba mpaka 100 huenda hajui kuhesabu. Mwambie, "Nipe vijiti 7." Akikupa 7 na kuacha hapo, amejua. Akiendelea kutoa, anakariri tu. Mzazi aliyefundishwa jaribio hili dogo hatadanganywa na wimbo, na mwalimu atapokea taarifa ya kweli shule zitakapofunguliwa.

Mambo ya kuangalia

Kila somo lisizidi dakika 20 kwa mtoto mdogo. Mzazi aliyechoka kwa kazi achague somo moja tu, alifanye vizuri. Nyumba isigeuzwe darasa la kukaa kimya: thamani yake ni kwamba kazi za kweli zimo ndani yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Andika andalio la somo la kutoa, 41 − 18, kwa kutumia mafungu ya vijiti.
2. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusimamia masomo gani kati ya haya? Eleza namna utakavyomwelekeza.
3. Taja kazi tatu za nyumbani katika kijiji chenu, na somo lililomo katika kila moja.