Dawa za Kupunguza Kasi ya Moyo: Usiache Ghafla

Mgonjwa wa moyo akipata nafuu, huwa rahisi kudhani amepona na kuacha vidonge. Kwa wanaotumia dawa za kundi la beta-bloka, uamuzi huo unaweza kuhatarisha maisha.

Zinavyofanya kazi

Mtu anaposhtuka au kukimbia, mwili hutoa adrenalini, nayo huufanya moyo upige kwa kasi na kwa nguvu. Beta-bloka hupunguza makali ya adrenalini kwenye moyo. Mapigo hushuka, presha hupungua, na msuli wa moyo huhitaji oksijeni kidogo. Kwa kiungo kinachopiga takriban mara 100,000 kwa siku, nafuu hiyo si haba.

Utazitambua kwa majina kwenye pakiti: bisoprolol, carvedilol, atenolol au propranolol. Mengi huishia kwa herufi "lol".

Nani hufaidika?

Utafiti wa CIBIS-II, uliochapishwa mwaka 1999, ulihusisha wagonjwa 2,647 ambao mioyo yao ilikuwa imedhoofika. Wote waliendelea na dawa zao za kawaida. Miongoni mwa walioongezewa bisoprolol, takriban 12 kati ya 100 walifariki, ikilinganishwa na 17 kati ya 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Hata hivyo, hakuna ushahidi kwamba dawa hizi humwongezea umri mtu mwenye afya njema. Kwa wenye shinikizo la damu pekee, mara nyingi daktari huanza na dawa nyingine.

Mambo ya kuzingatia

• Usiache ghafla. Moyo unaweza kuanza kwenda mbio, kifua kuuma, au hata mshtuko wa moyo kutokea. Daktari hupunguza kipimo hatua kwa hatua.

• Mweleze daktari iwapo una pumu. Baadhi ya dawa hizi hubana njia za hewa.

• Wenye kisukari wapime sukari mara kwa mara. Dawa inaweza kuficha mapigo ya kasi, ambayo ni dalili ya sukari kushuka.

• Usimpe jirani vidonge vyako, hata kama dalili zenu zinafanana.

• Ukihisi kizunguzungu, uchovu mwingi au kukosa pumzi, nenda kituo cha afya kilicho karibu.

Hesabu vidonge vyako leo. Vikibaki vya wiki moja, rudi kliniki kabla havijaisha.