Mke Akifia Ndoani, Nani Athibitishe? Mwongozo kwa Ndugu wa Marehemu, Gairo

Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ilitumika Tanganyika hadi Bunge lilipotunga ya kwetu mwaka 1967. Mwaka 1986 India ikaongeza dhana mpya: mke akifa kifo kisicho cha kawaida ndani ya miaka 7 ya ndoa, na ikithibitika alinyanyaswa kwa ajili ya mahari muda mfupi kabla ya kufa, mume au ndugu zake huchukuliwa kuwa ndio waliosababisha kifo, mpaka waonyeshe vinginevyo. Sisi hatuna kipengele hicho. Hapa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo inayothibitisha mauaji pasipo kuacha shaka, na mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hakuua. Kwa hiyo kesi husimama au huanguka kwa ushahidi mtakaouhifadhi mapema.

1. Msiharakishe kuzika. Mkiwa na mashaka, mwambieni mtendaji wa kijiji na polisi, na mwombeni daktari auchunguze mwili. Msioshe mwili wala kufagia chumba. Akishazikwa, kumfukua kunahitaji amri ya kisheria.

2. Tenganisheni mliyoona na mliyosikia. Kila shahidi aeleze alichokishuhudia mwenyewe. Uvumi wa kilabuni hausaidii. Lakini kama marehemu alieleza nani kamjeruhi na namna gani, andikeni maneno yake kama alivyoyasema, saa, na waliokuwepo. Mahakama huweza kuyapokea, ila hutafuta ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono.

3. Kusanyeni historia ya ukatili. Tafuteni PF3 za zamani (fomu za polisi za matibabu), namba za RB (kitabu cha taarifa cha polisi), kadi za zahanati, na malalamiko yaliyofika kwa mtendaji au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

4. Elezeni ugomvi wa mahari kwa ukamilifu. Kwa Wakaguru wa huku Gairo, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba naye hupata fungu la mahari. Basi mjomba na mshenga waulizwe pia: kilitolewa nini, kilibaki nini, nani alidai arudishiwe, lini? Majibu yanaweza kuonyesha sababu ya ugomvi. Peke yake hayathibitishi kwamba mume aliua.

5. Jueni nani alikuwa naye mwisho. Katika rufaa ya jinai namba 147 ya 2008, Mathayo Mwalimu na mwenzake dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisema aliyeonekana na marehemu kwa mara ya mwisho, asipotoa maelezo yanayoingia akilini, atachukuliwa kuwa ndiye muuaji. Hiyo ndiyo dhana yetu iliyo karibu zaidi na ile ya India. Hata hivyo, Jamhuri lazima kwanza ithibitishe kwamba walikuwa pamoja. Jirani aliyewaona wakiingia ndani jioni ni shahidi muhimu.

6. Msipuuze dalili za nia. Katika kesi ya Enock Kipela (rufaa namba 150 ya 1994), mahakama ilitaja silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, maneno ya mshtakiwa na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Nia ya kuua isipothibitika, kosa huweza kushuka kuwa kuua bila kukusudia.

7. Msimalize kifamilia. Ng'ombe wa fidia hawafuti mauaji. Kuendelea au kuacha mashtaka ni uamuzi wa Mkurugenzi wa Mashtaka, si wa wazee wa koo mbili. Shahidi aliyenyamazishwa huiachia kesi pengo, na shaka inayobaki ni faida ya mshtakiwa.