Nguruwe wa Mkulima Mdogo: Mafunzo Yatokayo Asia

Zamani za misafara, wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji walitua mizigo yao Tabora, wakapumzika na kununua posho. Kambini walimwogopa papasi, mdudu akaaye katika nyufa za kuta na vumbi la sakafu, ambaye huwauma watu usiku na kuwaambukiza homa. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu wa Ipuli, na wa mahali penginepo, habari za homa nyingine ambayo papasi huichukua. Homa hii haiwadhuru watu, bali huua nguruwe. Tena imesafiri mbali kuliko msafara wowote uliopita Tabora, hata ikafika Uchina na visiwa vya Asia. Waliopatwa nayo huko wametuachia mafunzo, na mtu mwenye nguruwe wawili au watatu yafaa ayajue kabla hajapata hasara.

Faida ya nguruwe

Nguruwe ni akiba ya mtu asiye na ng'ombe. Jike huchukua mimba siku 114, yaani miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu, na aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto wanane au kumi kwa mara moja. Hula pumba za mahindi na za mpunga, mashudu ya alizeti na majani ya viazi vitamu, vitu ambavyo mkulima wa Unyamwezi avijua sana. Shida ikiingia nyumbani, ikiwa ni ugonjwa au sare na madaftari ya watoto, nguruwe mmoja huuzwa na shida huondoka. Wala soko si la kutafutwa mbali, maana nyama hii, ambayo watu wa mjini huiita kitimoto, huuzwa katika miji mingi ya Tanzania.

Desturi za Asia

Katika Asia pia wafugaji wadogo ni wengi, walakini kila nchi ina desturi yake ya soko. Katika Uchina, kabla ya mwaka 2018, walikuwako karibu nusu ya nguruwe wote wa dunia, na wengi wao walikuwa mikononi mwa watu wa vijijini. Katika Vietnam nguruwe huchinjwa alfajiri, na nyama huuzwa sokoni asubuhi ile ile. Mnunuzi humwendea muuzaji amjuaye. Katika Ufilipino nguruwe mzima huokwa juu ya makaa kwa karamu, kwa hiyo sikukuu ya Krismasi ndiyo mavuno ya mfugaji. Katika Timor ya Mashariki, na katika Nagaland iliyo mashariki ya Bara Hindi, nguruwe hutolewa arusini na katika sherehe nyingine za ukoo, basi thamani yake si nyama tu, ni heshima pia. Katika Indonesia watu walio wengi ni Waislamu, lakini Wahindu wa Bali na Wakristo wengi wa Sumatra ya Kaskazini hufuga nguruwe.

Ingawa desturi ni mbalimbali, jambo moja lafanana huko na kwetu. Mfugaji mdogo mara nyingi huwalisha nguruwe wake makombo ya chakula, kisha humwuzia mchuuzi apitaye, ambaye ametoka banda hili na kuingia banda lile. Hapo ndipo homa ilipopata njia.

Homa ilivyosafiri

Maradhi haya huitwa homa ya nguruwe ya Afrika. Aliyeyaeleza kwanza kwa maandishi ni R. Eustace Montgomery, daktari wa mifugo katika Kenya, na habari zake zilitolewa mwaka 1921. Virusi vya homa hii hukaa katika ngiri wa porini bila kumwua, na katika papasi waishio ndani ya mashimo ya ngiri. Lakini vikimwingia nguruwe wa nyumbani, huacha kula, mwili huwaka moto, ngozi ya masikio na tumbo hugeuka nyekundu au zambarau, na kwa kawaida hufa katika muda wa siku chache. Dawa ya kuponya hapana.

Mwaka 2007 homa hii ilifika Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Mwezi wa Agosti 2018 ilionekana Uchina, na kufika Aprili 2019 ilikuwa imeingia majimbo yote ya bara ya nchi hiyo. Mwaka huo huo wa 2019 iliingia Vietnam, ambako nguruwe wapatao milioni 6 walikufa au waliuawa ili kuizuia. Kisha ikaingia Ufilipino, Timor ya Mashariki na Indonesia. Mwaka 2020 ilionekana Assam, katika Bara Hindi. Ngiri hawakwenda huko. Waliochukua homa ni watu, kwa magari, kwa nyama, kwa makombo na kwa viatu vyao.

Wala tusidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Mwishoni mwa mwaka 2010 homa hii iliwaua nguruwe katika Kyela, upande wa Mbeya, na mwaka 2011 ikafika Dar es Salaam. Barabara kuu imekuwa njia ya misafara ya siku hizi, na mzigo uliofichwa maradhi hufika upesi kuliko habari zake.

Mafunzo matatu

Funzo la kwanza ni la makombo. Katika Uchina ilionekana kwamba nyingi katika ajali za mwanzo zilitokana na mabaki ya chakula yaliyotoka hotelini na majumbani, kwa maana virusi hudumu ndani ya nyama mbichi, iliyokaushwa au iliyogandishwa kwa miezi mingi. Serikali ya huko ikakataza kuwalisha nguruwe mabaki hayo. Kwetu, mtu achukuaye makombo ya hoteli ya mjini hajui ni nyama gani iliyomo. Ni afadhali kuyaacha kabisa. Asiyeweza kuyaacha na ayachemshe kwa muda wa nusu saa au zaidi, huku akikoroga, kabla ya kuwapa nguruwe.

Funzo la pili ndilo gumu, maana ni la moyo. Tuseme mtu wa Ipuli ana nguruwe wanne. Asubuhi mmoja amekufa, wa pili amekataa chakula. Mchuuzi yuko njiani, na fedha ya nguruwe watatu waliobaki ni fedha ya nyumba yake. Moyo humwambia: uza leo, kabla habari hazijaenea. Ndivyo walivyofanya wengi katika Asia walipoingiwa na hofu. Nguruwe waliouzwa kwa haraka wakapeleka homa vijiji vingine, na bei ikaanguka kwa kila mtu, hata kwa yule ambaye banda lake lilikuwa salama. Hatusemi kwamba fedha hiyo ni ndogo kwake. Twasema kwamba atakuwa ameiondoa katika mfuko wa jirani, tena mwaka ujao, atakapotaka kununua watoto wa nguruwe, hatapata pa kununua. Basi na afunge banda, asiuze wala asichinje, amwite Bwana Mifugo siku ile ile.

Funzo la tatu ni la mizoga. Mwaka 2019, karibu na Medan katika Sumatra, mamia ya nguruwe waliokufa walitupwa mtoni na ziwani. Watu wote wakapata karaha, hata wasiofuga. Tabora nao ni mji wa watu wa dini mbalimbali. Jirani asiyekula nyama hii ana haki ya kutokuta nguruwe hai mlangoni pake wala mzoga katika mfereji wake. Mzoga na ufukiwe chini sana, mbali na kisima, kama Bwana Mifugo atakavyoagiza.

Baada ya hasara hiyo, wafugaji wadogo wengi wa Uchina hawakurudi tena. Makampuni makubwa yaliingia mahali pao, hata mwaka 2022 katika Ezhou likafunguliwa jengo la ghorofa 26 la kufugia nguruwe. Mkulima mdogo asiyelinda banda lake aweza kuona soko lake likienda kwa mwingine.

Banda na mizani

Chanjo iliyotengenezwa Vietnam iliruhusiwa kutumiwa katika nchi ile nzima mwaka 2023, lakini mfugaji wa Ipuli asingoje chanjo. Kinga yake ni banda. Nguruwe wasizurure. Ua uwe imara, hata ngiri na nguruwe wa jirani wasiweze kuingia. Nyufa za kuta zizibwe, ili papasi wasipate maficho. Mchuuzi asimame nje ya ua, na kila aingiaye avae viatu vya humo bandani. Ua huo huzuia na tegu pia: nguruwe azururaye hula kinyesi cha watu na kupata malengelenge ya tegu katika nyama yake. Mtu alaye nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu yakimwingia mtu kwa uchafu aweza kupata kifafa. Kwa hiyo kila nyumba na iwe na choo, na kila nyama ikaguliwe.

Tena mfugaji asiuze kwa kukadiriwa kwa jicho. Akikosa mizani, atwae utepe wa fundi cherehani. Apime mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu toka kati ya masikio hata shina la mkia, vyote kwa mita. Azidishe mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, kisha kwa 69. Nguruwe mwenye mzunguko wa mita 1 na urefu wa mita 1 ana uzito wa yapata kilo 69. Mwenye kujua uzito hapunjwi.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wenzetu wa Asia wamekwisha kunyolewa.

Maswali ya kuzungumza barazani

1. Makombo ya chakula huletaje homa bandani?
2. Kwa nini nguruwe aliyeuzwa kwa hofu huwadhuru hata wasiohusika?
3. Katika mtaa wako, nani atamwita Bwana Mifugo siku ya kwanza, na kwa njia gani?