Somo la Mikarafuu: Fundi wa Kukata Matawi na Cheti Chake



Katika mkutano uliopita palizuka neno ambalo halikumalizika, nasi twaona bora tulitie hapa ili kila mtu alisome kwa kituo nyumbani kwake. Neno lenyewe ni hili: mafundi wetu wanaopanda mikarafuu kukata matawi makavu na kuangusha miti iliyokufa, je, yafaa watakiwe kutoa fedha zao wenyewe ili wasomeshwe na kupewa cheti? Wako waliosema yafaa, kwa kuwa zama hizi kazi isiyo na cheti haina heshima. Wako waliocheka, wakasema baba zao walikata kwa shoka na panga, na mikarafuu ikazaa. Pande zote mbili zina haki kidogo, lakini hapana hata mmoja aliyezungumza juu ya jeraha la mti, na kwetu sisi hapo ndipo pa kuanzia.

Mkarafuu si mwembe. Tawi lake ni jepesi kukatika, na likivutwa kwa nguvu wakati wa kuchuma hupasuka penye panda na kuacha kidonda kirefu. Kuna ugonjwa unaoingilia hapo. Mwaka 1952 mabwana wawili wa elimu ya magonjwa ya mimea, Nutman na Roberts, walitoa maelezo yao juu ya ugonjwa wa kukauka matawi ya mikarafuu katika visiwa hivi, wakaonyesha kuwa unaletwa na ukungu unaopenya katika majeraha. Ukungu huo huteremka ndani ya tawi. Majani hukauka ghafla, nayo hubaki yananing'inia badala ya kudondoka, na ukilipasua tawi utaona mti wa ndani umegeuka rangi ya hudhurungi. Huu si ule ugonjwa wa kifo cha ghafla, ambao huanzia mizizini na kuumaliza mkarafuu mzima. Huu wa matawi waweza kuzuiwa, kwa sharti tawi likatwe mapema, na likatwe chini ya pale ilipokoma ile rangi, katika mti mweupe ulio mzima. Fundi akikata juu yake, amepoteza siku yake na fedha yako.

Sasa namna ya kukata. Tawi kubwa halikatwi kwa mkato mmoja, kwani likianza kuanguka huchuna gamba la shina mpaka chini. Mkato wa kwanza huanzia upande wa chini wa tawi, mbali na shina kiasi cha futi moja, uingie robo au thuluthi ya unene. Wa pili hutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na hapo tawi huanguka bila ya kuchuna kitu. Kisha hubaki kigutu, nacho ndicho huondolewa kwa mkato wa tatu. Penye huo wa tatu ndipo wengi wanapoharibu. Tazama vizuri pale tawi linapotoka shinani: utaona uvimbe kama pete. Pete hiyo ni mali ya shina, si ya tawi. Kata nje yake tu, usiiguse, wala usiache kigutu kirefu, maana kigutu huoza na uozo ukaelekea ndani.

Mwamerika mmoja, Alex Shigo, aliyekuwa katika idara ya misitu ya nchi yake, alipasua maelfu ya miti kwa urefu ili atazame vidonda vyake vya zamani. Aliona kuwa mti hauponi kidonda kama apoavyo mtu. Hukizungushia ukuta kwa ndani na kuendelea kukua kwa nje. Ile pete ikikatwa, ukuta huo hudhoofika. Aliona pia kwamba rangi na lami tunazopaka juu ya vidonda hazizuii uozo. Yeye alitazama miti ya nchi za baridi, si mikarafuu, lakini hatuoni sababu ya mkarafuu kupenda kukatwa pete yake. (Mwenye kopo la lami aitunze kwa mashua.)

Twasema haya kwa sababu yametufika sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita tulimwita fundi kijana kutoka mjini, mwenye cheti chake ndani ya bahasha ya plastiki, na msumeno wa moto mpya. Alifanya kazi kwa haraka na kwa usafi. Kila tawi alilikata sawasawa na shina, laini kama ubao uliopigwa randa, nasi tukamsifu na kumlipa ijara yake bila ya kumpunguzia. Msimu wa pili mikarafuu mitatu ilikauka kuanzia palepale alipokata. Tulipokwenda kukisoma kile cheti kwa makini, jambo ambalo tulipaswa kulifanya siku ya kwanza, tuliona kuwa ni cheti cha kuangusha miti ya mbao. Kijana hakutudanganya. Hakuna aliyepata kumfundisha kukata tawi la mti unaotakiwa uendelee kuishi, na sisi hatukumwuliza.

Mwaka uleule mzee wetu mmoja wa upande wa kaskazini ya Pemba, fundi ambaye mikato yake hata leo twaweza kuionyesha kwa fahari, alianguka. Hana cheti wala hajapata kukitaka. Alikuwa amejifunga kamba ya makumbi kiunoni, kamba yenyewe imekwisha kuliwa na mvua na jua. Alivunjika nyonga. Wanachama walichanga, na mchango ulitosha dawa, haukutosha chakula cha wanawe mpaka alipoweza kutembea tena. Mzee huyo alijua mti kuliko sote, lakini hapana aliyemfundisha kujifunga kamba mbili, moja ya kumshika anapoihamisha ya pili, na kuzikagua kila asubuhi kabla hajapanda.

Basi mafunzo ni lazima, na kwa hili hatuna shaka tena. Lililobaki ni nani alipe.

Uingereza, ambako mafundi wa miti ni wengi, kanuni za mwaka 1998 juu ya vyombo vya kazi zinamtaka mwajiri ahakikishe kuwa anayetumia chombo amefunzwa, na mtu afanyaye kazi ya kukata miti kwa msumeno wa moto hutarajiwa awe na cheti. Cheti hicho hakipatikani kwa kukaa darasani. Mtahini husimama chini ya mti akamtazama mtu anavyokata. Tena iko sheria ya mwaka 1974 inayomkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi wake fedha kwa jambo la usalama lililolazimishwa na sheria. Lakini fundi anayejitegemea hujilipia mwenyewe. Marekani nako, chama cha wataalamu wa miti hakimwachi mtu akafanya mtihani wake mkubwa ila awe amekwisha kufanya kazi miaka mitatu, au awe na elimu ya chuo pamoja na kazi, na cheti chenyewe hutakiwa kufanywa upya kila baada ya miaka mitatu.

Fundi wetu yuko upande gani? Leo yuko kwa fulani, kesho kwa jirani yake, kesho kutwa kwetu. Kwa jina anajitegemea. Kwa kweli anaishi kwa mashamba yetu, na akianguka, anaanguka kutoka mkarafuu wa mwanachama. Kumtaka alipe ada kabla hajapata kazi ni kuwaondoa wazee wenye mikono mizuri na kuwaachia kazi vijana wenye jamaa wa kuwalipia. Na kumlipia kila ajaye ni kuzimwaga fedha za chama kwa watu ambao mwaka ujao watakuwa wavuvi.

Rai yetu ni kwamba chama kitangulize ada ya mafunzo ya kamba na ya msumeno wa moto kwa fundi ambaye wanachama watatu wameridhika na kazi yake kwa misimu miwili. Kisha kila mwanachama atakayemwajiri atoe kitu kidogo juu ya ijara ya siku, kirudi katika sanduku la chama. Fundi mwenyewe anunue kamba yake, kwani kamba ya mtu hutunzwa na mwenyewe. Anayekata kwa msumeno wa mkono tu, akiwa chini au juu ya ngazi, asidaiwe cheti. Atahiniwe juu ya mti, mikato mitatu, mbele ya Bwana Shamba na wazee wawili. Bara, VETA ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza kazini bila ya kupita chuoni, na yafaa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali hapa kwetu iulizwe kama yaweza kutusaidia kwa kazi hii ya mikarafuu. Barua tutaiandika sisi.

Kuna wanaoogopa kuwa fundi akipata cheti atapandisha ijara. Atapandisha, bila shaka. Mkarafuu mchanga huchukua miaka sita au zaidi kabla haujaanza kuzaa, na ile mitatu tuliyoipoteza ilikuwa mikubwa, ya kupandwa na wachumaji kadhaa kwa mara moja. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe.

Neno hili litarudi katika mkutano ujao. Kabla ya kuja, kila mmoja aizunguke mikarafuu yake akahesabu vigutu virefu na vidonda vilivyokatwa sawasawa na shina, aandike idadi pamoja na jina la aliyekata, hata kama aliyekata ni yeye mwenyewe.