SOKO LA HISA NA REFA WAKE

Ndugu msomaji, ukipanda matatu kutoka kwetu Kangemi kwenda mjini, utapita Westlands. Hapo ndipo lilipo Soko la Hisa la Nairobi. Wengi wetu hulipita kila siku bila kujua linauza nini, maana hapaonekani nyanya wala sukuma wiki.

Kwanza, hisa ni nini? Hisa ni fungu la umiliki wa kampuni. Ukiinunua, wewe ni mmoja wa wenye kampuni. Kampuni ikipata faida unaweza kupewa mgao. Ikipata hasara, nawe umo.

Soko hili lilianzishwa mwaka 1954 kama chama cha hiari cha madalali. Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kuuza wala kununua humo mpaka baada ya Uhuru, 1963. Madalali walijitungia kanuni na kujisimamia. Je, mchezaji anaweza kuwa refa pia?

Mwaka 1988 serikali ilianza kuwauzia wananchi hisa zake za benki ya KCB. Mwaka 1989 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Halmashauri ya Masoko ya Mitaji, yaani CMA. Huyo ndiye refa. Yeye hutoa leseni kwa madalali, na kampuni ikitaka kuuzia umma hisa, sharti ieleze hesabu zake wazi. Kenya Airways ilifuata kuuzwa mwaka 1996.

Mwaka 2008 serikali iliuza robo ya Safaricom: hisa bilioni 10, kila moja shilingi 5. Watu walipiga foleni si mchezo! Mama mkubwa wangu, muuza mitumba, alikuwa mmoja wao. Kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 5. Mpaka leo huuliza, "Huyo refa alikuwa wapi?"

Hapa ndipo wengi hukosea. Bei kupanda na kushuka ndiyo biashara yenyewe, na refa hazuii timu kufungwa bao. Kazi yake ni kuzuia wizi. Miaka ya 2007 na 2008 baadhi ya madalali walianguka na pesa za wateja. Wateja hao walidhulumiwa. Kwa ajili ya watu kama hao kuna mfuko wa fidia, ingawa malipo yake yaliwekewa kikomo cha shilingi 50,000 kwa mtu. Aliyepoteza zaidi aliumia.

Juzi bwana mmoja alikijia chama cha akina mama wa mtaani akiahidi kuzidisha pesa zao maradufu kwa miezi mitatu. Nilimwambia mama mkubwa amwulize swali moja tu: "Leseni yako ya CMA iko wapi?" Bwana yule alisema ataileta kesho. Hajaonekana tena, na pesa za chama zingali salama.

Wenzangu, tuwafundishe wazazi wetu swali hilo. Tahadhari kabla ya hatari.