Mayai ya Mjusi

Mtoto mmoja wa Kashebere aliona mayai 2 meupe nyuma ya ubao wa ukuta. Kila moja lilikuwa dogo kama haragwe. "Ni ya mjusi," baba yake alimwambia.

Mtoto alitaka kuona yakianguliwa. Basi akafanya kama kuku: kila asubuhi na jioni aliyageuza. Siku nyingi zikapita. Mwishowe akapasua moja. Ndani mlikuwa na mjusi mdogo, amekufa.

Kuku huyageuza mayai yake na kuyaatamia siku 21. Mjusi sivyo. Hutaga mayai 2 katika ufa, kisha huenda zake. (Kuku angemwona mama mbaya!) Joto la mahali ndilo linaloyalea. Ndani ya yai, mtoto wa mjusi hushikamana na ganda upande wa juu. Yai likigeuzwa, huweza kufa.

Mara ya pili mtoto alitia alama ya makaa juu ya kila yai. Akayahamisha taratibu, upande wa juu ukabaki juu. Akayalaza katika kopo la mchanga mkavu, karibu na jiko, si karibu mno. Usiku wa milimani una baridi, na baridi huyachelewesha.

Baada ya miezi 2 na zaidi, maganda yalikuwa matupu. Mjusi mmoja mdogo alikuwa ukutani, akimnyemelea mbu.